Kufuli Kwenye Vali

Heshima kati yao ilikuwa imebaki mdomoni tu. Mkemia alimwita mkwewe "baba", naye mzee, fundi mkuu wa vali za mafuta ya roketi, alimwita "mwanangu", na kila neno lilitoka na mwiba wake.

"Mwanangu, leo umetuletea juisi ya matunda gani?" mzee aliuliza. Alikuwa amevaa suti nzito ya mpira toka shingoni hadi unyayoni, kofia yake ya kioo kaipakata, ingawa leo hakuna aliyemwambia avae. Mafundi wawili wakacheka.

"Ileile uliyoiharibu wiki jana, baba."

Kicheko kikakatika.

Mafuta ya zamani ya roketi yalikuwa sumu tupu. Mvuke wake, wenye shombo kama la samaki aliyelala, ulikula maini ya watu polepole. Mume wa mkemia, mtoto wa pekee wa mzee huyu, aliyajaza miaka tisa kwa amri ya babake. Sasa yuko kitandani, macho manjano kama kiini cha yai, ananyweshwa maji kwa kijiko.

Mafuta mapya ya mkemia, ambayo mzee aliyaita juisi, yalikuwa na nguvu kuliko yale, na mtu aliyamimina kwa glavu na miwani tu, bila suti. Ila yalikuwa na deko moja: hayawaki kwenye injini baridi. Chembe za kichocheo mle ndani, zinazoyawasha, sharti zipashwe kwanza hadi digrii mia tatu na hamsini, na hilo huchukua dakika ishirini nzima. Wiki jana mzee alifungua vali mapema, kwa mazoea yake. Mafuta yakafurika, chembe zikapasuka, naye akawaambia wakubwa juisi haiwaki. Wakubwa wakaacha jaribio moja tu, la leo. Likishindikana, mapipa ya zamani yanarudi, na wajazaji wapya wameshaajiriwa.

Mkemia akatoa mfukoni kufuli la kabati lake la vyombo, akalifunga kwenye mkono wa vali. Ka!

"Unanifungia vali yangu? Mbele za watu?"

"Mtu hatii kitunguu kwenye mafuta baridi, baba, halafu akalaumu kitunguu."

Wakakaa kando ya vali, nyuma ya ukuta wa zege, wakitazama mita ya joto ikipanda. Mia na themanini.

"Lete ufunguo."

"Bado."

Mia mbili na arobaini.

"Mwanangu alikuwa mzima kabla hajakuoa wewe," mzee akasema polepole, ili kila mtu asikie.

Mkemia hakugeuka. "Mashuka yake nayafua mimi, baba. Mpaka leo yananuka samaki."

Mia tatu na hamsini. Akautupa ufunguo mezani.

Mzee akafungua kufuli, kisha vali. Injini ikanguruma, moto ukatoka mwembamba, mnyoofu, na mshale wa nguvu ukaipita alama nyekundu ya mafuta ya zamani, ukakaa hukohuko dakika nzima. Mafundi wakapiga makofi. Mzee akavaa kofia yake ya kioo.

"Vua hiyo suti, baba. Utaiva na joto bure."

Sauti ikatoka nyuma ya kioo, nzito: "Nikiivua, nimekubali kwamba sumu ni yale ya zamani, na mimi ndiye niliyemlaza mwanangu kitandani."

Mkemia akachukua kufuli lake.

"Basi kaa nayo."