Kiatu cha Kushoto

Misumari ilikuwa imepigwa kwa mstari ukutani mwa banda, mmoja kwa kila mashua, na Jumamosi za enzi hizo kila msumari ulikuwa umebeba kiatu. Cha kushoto, wala si cha kulia. Aliyetaka kukodi mashua akavue samaki alianza kwa kuvua kiatu. Awe mwalimu, awe mchinjaji, awe bosi aliyeletwa na dereva wake, aliingia ziwani mguu mmoja peku, na kiatu chake kikabaki bandani kumngoja.

Sasa misumari ilikuwa mitupu, na Kitinda alikuwa amesimama mbele yake na nyundo mkononi, asijue aanze kung'oa upi. Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina likamganda hata baada ya kuwa mtu mzima mwenye watoto wake, mwalimu wa udereva anayeogopwa mjini. Alikuwa amekuja asubuhi hiyo na gari la mafunzo, lile lenye pedali za mwanafunzi upande mmoja na pedali za mwalimu upande wa pili, kumchukua baba yake akaishi naye. Banda na mashua alikwisha kubaliana kumuuzia muuza barafu wa pale njia panda. Kazi iliyobaki ilikuwa kutia kufuli, kupita kwake na kumkabidhi ufunguo.

"Ukitaka kung'oa, ng'oa, mama," baba yake alisema kutoka mlangoni. "Msumari haulii."

Wateja walimwita Nahodha, ingawa maishani mwake hakuwahi kuongoza chombo kikubwa kuliko mashua ya watu watatu. Leo alikuwa amenyoa ndevu, amevaa kofia yake nzuri, na sanduku lake lilikuwa tayari kizingitini. Alikuwa amekubali kuhama bila ubishi, na hilo ndilo lililomtia Kitinda wasiwasi. Alikwisha kuona wanafunzi wengi wanaoitikia "nimeelewa, mwalimu" dakika moja kabla ya kugonga nguzo.

Lakini hakuwa na budi. Mwezi uliopita mzee aliteleza kati ya gati na mashua, akabaki ndani ya maji hadi kifuani, kakumbatia mti wa gati, mpaka mteja wake wa siku nyingi, Kinyozi, alipopita na kumvuta. Mzee alimsimulia Kitinda kwenye simu kama kichekesho: jinsi samaki mmoja alivyokuja kumchungulia na kuondoka bila salamu. Kitinda hakucheka. Tangu siku hiyo simu ikilia moyo unamruka, na akifundisha watu kurudi nyuma, macho yanakuwa kwenye vioo na roho inakuwa ziwani.

"Nisaidie kwanza makasia," alisema, akaiweka nyundo chini.

Walitoka nje. Mashua zilizobaki zilikuwa zimelala kifudifudi juu ya nyasi, isipokuwa moja iliyokuwa bado inaelea gatini. Ilikuwa Mkaidi. Mashua ile, tangu ilipochongwa, ilikuwa na tabia ya kwenda kushoto hata ukiiomba kwa upole. Wageni wenye maneno mengi ndio waliopewa hiyo. Kitinda alimkumbuka bosi mmoja aliyekuja na fimbo mpya ya kuvulia, akauliza kama ziwani kuna samaki wa hadhi yake. Nahodha alimjibu kwa heshima zote, akampa Mkaidi. Bosi alizunguka mbele ya gati asubuhi nzima kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na alipofanikiwa kurusha ndoano, akavua kofia yake mwenyewe.

Na mashua ya Subira je? Hiyo ilivuja kidogo, ikapewa wachumba. Nahodha alidai kwamba mashua kavu haimwonyeshi mtu tabia ya mwenzake. Mwache mmoja apige kasia na mwingine atoe maji kwa kopo, ndipo utajua kama ndoa ipo. Wapo waliorudi wameshikana mikono, wapo waliorudi kila mmoja na hamsini zake, lakini wote walirudi, kwa sababu viatu vyao vilikuwa huku.

Kazi ya kupokea viatu ilikuwa ya Kitinda. Aliwafahamu watu wa mji ule kuanzia chini kwenda juu. Alijua nani kaziba tundu la soli kwa karatasi, nani miguu yake inahitaji maombi. Mjanja mmoja alikuja na kiatu kibovu cha ziada mkobani, akitaka kuacha hicho na kwenda ziwani amevaa vizuri. Nahodha alikigeuzageuza kile kiatu, akamrudishia. "Huyu hana nia ya kurudi," alisema, na mashua hakumpa.

Kitinda alikuwa akitabasamu peke yake, makasia begani, aliposikia mzozo unakuja njiani. Hakuhitaji kugeuka. Kinyozi na mkewe walikuwa wakizozana tangu yeye hajaota meno ya pili, na hakuna aliyewahi kuona mmoja wao akienda mahali bila mwenzake.

"Nahodha!" Kinyozi alipaza sauti. "Tumesikia unatukimbia. Tupe mashua ya kuagana."

"Shikamooni," Kitinda alidakia. "Samahani sana wazee wangu, tumeshafunga."

"Marahaba, mwanangu. Mmefunga wapi, na mlango ule naona umeachama?" alisema mke wa Kinyozi, na tayari alikuwa ameinama, anafungua kiatu. "Shika changu. Cha huyu kishike kwa kijiti."

"Wewe mwanamke, kiatu hiki umekinunua mwenyewe!"

"Kiatu nilinunua. Harufu umeleta wewe."

Nahodha alikuwa amekwisha shika kamba ya Mkaidi. Alisimama mbali na ukingo, Kitinda aliona, akijizuia makusudi ili bintiye asiogope, na akawaelekeza kwa mkono tu. Wazee wawili wakapanda, kila mmoja na kasia lake, kila mmoja na maoni yake, na Mkaidi akaelekea kushoto.

Kitinda alibaki na viatu viwili mkononi. Aliingia bandani kuviweka mezani, lakini mkono una kumbukumbu zake. Alipozinduka, vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari wa saba, msumari wa Mkaidi, visigino vikiangalia ukuta, vilevile alivyofundishwa na mama yake.

Maana sheria ile ilikuwa ya mama. Watu wote walidhani ni rehani, ili mtu asitoroke na mashua, na mama aliwaacha wadhani hivyo. Chanzo chake kilikuwa ukungu. Siku moja mchana ukungu ulishuka ghafla, mashua zikarudi mbiombio, nyingine zimefungwa kamba zikivutwa na wenzao, na katika msukosuko ule baba na mama wakahesabu vibaya. Wakafunga banda, wakaenda kula. Jioni ikasikika sauti ya mwalimu wa kwaya kutoka ziwani, anaimba, na ufuoni wote wakasifu. Leo mwalimu anafanya mazoezi kwelikweli! Baba hata aliitikia kibwagizo. Mama ndiye aliyeweka kijiko chini. "Huo wimbo ameurudia mara ya tatu," alisema, "na sauti inakatika. Yule haimbi, yule anatuita."

Walimpata anatetemeka, ameshamaliza nyimbo zote anazozijua na kuanza za harusi. Baadaye watu walicheka, na mwalimu alicheka kuliko wote. Mama hakucheka. Kesho yake alishika nyundo, akapiga misumari, akatoa neno lake: kiatu kikiwa msumarini, mwenyewe bado yuko majini, na banda halifungwi. Mama alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, lakini neno lake hilo baba hakuwahi kulivunja hata siku moja.

Kwa hiyo walingoja. Kitinda alikaa na baba yake juu ya mashua iliyopinduliwa, jua likiwapiga magotini, wakiwasikiliza wale wawili wakilaumiana juu ya maji. Alikuwa amepanga kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Sasa akajikuta hana haraka, na akashangaa ni muda gani umepita tangu akae mahali bila kumwambia mtu akanyage breki.

"Mjini kwako maji yako wapi?" Nahodha aliuliza.

"Bombani, Baba."

"Si haba." Alivuta kofia yake mbele kidogo. "Bomba nalo lina sauti yake."

Hakulalamika. Angegombana naye, ingekuwa rahisi. Mzee alikuwa anakubali kwa sababu ya hofu ya Kitinda, ili bintiye apate usingizi, basi.

Kinyozi na mkewe walirudi na samaki mmoja, mdogo kiasi cha kuonewa huruma, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyemvua. Walichukua viatu vyao, wakaagana na Nahodha kwa utani mwingi na macho mekundu, wakaenda zao wakibishana nani atampara.

Kitinda alipakia sanduku. Nyundo aliirudisha mahali pake. Misumari, alijiambia, muuza barafu ataing'oa mwenyewe. Baba yake aliomba dakika moja ya kuaga banda, akaingia, akatoka, akapanda gari upande wa mwalimu na kujifunga mkanda bila kuambiwa. Kitinda alivuta mlango, akatia kufuli, akashika usukani.

Aliwasha gari, akatia gia, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Akaachia klachi yote, akajaribu tena. Injini ilipiga kelele hadi ndege wakaruka kutoka gatini, gari limesimama palepale.

"Baba," alisema, "umekanyaga nini?"

"Mimi? Nimeweka mguu tu."

Kitinda aliinama kuangalia pedali za mwalimu. Juu ya klachi palikuwa na mguu wa kushoto wa baba yake, umekanyaga hadi mwisho. Ulikuwa mtupu. Vidole vya kizee, vyenye kucha ngumu, vilikuwa vimetulia juu ya chuma kama viko nyumbani. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu chake, kimefungwa kamba vizuri.

Kitinda aliinua macho. Nahodha alikuwa anaangalia mbele, uso umenyooka, mtu asiye na habari.

"Kiatu kiko wapi?"

"Si unajua kilipo."

Kitinda alizima gari. Akashuka, akafungua kufuli, akaingia. Kwenye msumari wa saba kilining'inia kiatu kikubwa cheusi, kisigino kikiangalia ukuta. Alikigusa, kikayumba. Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha. Kisha mwalimu wa udereva, ambaye aliwahi kumshusha mwanafunzi garini kwa kuendesha na ndala, aliinama akafungua kamba za kiatu chake cha kushoto.

Aliporudi, mlango wa banda aliuacha umeegeshwa tu. Kufuli akalitupa kwenye kiti cha nyuma, juu ya sanduku. Nahodha aliuangalia mguu mtupu wa bintiye, akainua wake kutoka kwenye klachi, na gari likaondoka.

Pale njia panda muuza barafu alikuwa amesimama mbele ya duka lake, mkono ameunyoosha kupokea ufunguo. Alikuwa mteja wa banda tangu ujana wake, na sheria ile ya viatu aliijua. Kitinda alishusha kioo, akapunguza mwendo bila kusimama.

"Pita bandani kwanza," alimwambia, "uangalie msumari wa saba."

Akaongeza gia, ufunguo ukiwa bado mfukoni mwake. Klachi ilikuwa ya baridi chini ya unyayo.