Huyu Siye Chuma

Niseme mapema msije mkanilaumu: filamu ile ya pili ni nzuri na ni mbaya. Mtu akiniuliza kama nimeipenda au nimeichukia, namjibu vyote viwili, halafu namwacha ahangaike mwenyewe. Kwa miaka yote tuliyoisubiri, mimi na baba, nilistahili jibu lililonyooka. Sikulipata.

Ya kwanza tuliiona nikiwa bado msichana wa shule. Ilihusu mji wa sayari ya mbali uliovamiwa, watu wote wakakimbia, akabaki mtoto mmoja wa kike aliyesahauliwa. Roboti mzee, mlinzi wa ghala, akambeba na kumvusha jangwa zima huku anaburuta mguu mmoja mbovu. Kwenye filamu aliitwa kwa namba ndefu ambayo hakuna aliyeishika, kwa hiyo sisi tulimwita Chuma. Baba alilia mle ndani, akasingizia vumbi, kana kwamba vumbi la jangwa lile lilivuka kioo likamfuata kwenye kiti. Tulirudi nyumbani tukichechemea wote wawili, na mama akauliza nani ametuumiza.

Baba ni kinyozi. Mimi nashona nguo chumba hicho hicho, nyuma ya pazia, kwa hiyo yote nayaona. Nimeona wateja wake wanavyotoka siku hizi, kisogo kimekatwa ngazi ngazi, ndevu za kulia fupi na za kushoto ndefu. Wanajitazama kwenye kioo, wanameza mate, wanasema, "Mikono yako haizeeki, mzee." Wanamshukuru, wanaaga kwa heshima zote, halafu wanazunguka kona kwenda kurekebishwa na kinyozi mwingine. Huyo wa kona alinisimamisha siku moja njiani.

"Dada, nifikishie salamu kwa mzee. Hakuna tangazo linaloniletea watu kama yeye."

Nikacheka. Nilipofika kwenye cherehani yangu kicheko kiliniisha, nikakaa na sindano mkononi bila kushona chochote.

Nilishachoka kumsihi aende kwa daktari wa macho. "Macho yangu mazima," anasema, huku chai anaimimina pembeni ya kikombe. Muuguzi mmoja aliyekuja kupimwa gauni alimchungulia kupitia pazia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba macho ya namna ile yakiwahiwa yanaweza kusaidiwa, yakicheleweshwa hayarudi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikimsikia anafungua mlango nawaza ni asubuhi nyingine tumeichelewesha. Nilimkasirikia baba, na nilimwonea huruma, na hasira ndiyo iliyokuwa inatangulia kutoka mdomoni.

Habari za filamu alizipata redioni. "Chuma amerudi!" akapiga ukelele, mteja akaruka kwenye kiti. Jumamosi mchana tukafunga mapema, tukaenda.

Kwenye ukumbi alinishika bega, akajifanya ni mapenzi. Akataka safu ya mbele. Nikamwambia nyuma ndiko kuzuri. "Mbele," akasema, na nikaelewa, nikampeleka.

Mwanzo ulinikamata, sikatai. Yule mtoto sasa ni mwanamke mzima, kamanda wa kikosi, na Chuma amezeeka zaidi. Kuna mahali kamanda amekaa sakafuni anampaka Chuma mafuta kwenye kiwiko, polepole, hakuna anayesema kitu. Ukumbi mzima ukatulia.

"Mbona kimya?" baba akaninong'oneza.

"Anampaka mafuta."

"Wapi?"

"Kwenye kiwiko. Anaanzia juu."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akala bisi zake. Basi nikawa nasimulia. Vyombo vya angani vikaja, vikalipuka, vikaja vingine, vikalipuka pia. Nilichoka na milipuko kabla ya waliokuwa wanalipuliwa. Nusu ya filamu watu walikuwa wanaanguka kutoka juu sana na kuinuka wakijipangusa tu.

Halafu wakamuua Chuma. Adui alikuwa anavuka daraja, Chuma yuko katikati anamzuia, na kamanda akaamuru daraja lilipuliwe. Likaanguka, basi. Mlipuko mmoja kati ya mingi. Picha iliyofuata, mafundi wameunda roboti mpya, anang'aa kama sufuria ya dukani, na wamempa sauti ile ile ya Chuma. Nilitamani kusimama nimtafute aliyeandika upuuzi ule.

Baba aliisikia sauti, akatabasamu. Nikamtazama vile anavyotabasamu gizani, nikaona nimwachie. Nani angeumia? Sauti ni ile ile. Nikaendelea kumsimulia kana kwamba hakuna aliyekufa.

Hazikupita dakika nyingi, akaniinamia.

"Huyu siye Chuma."

"Ndiye."

"Chuma anaburuta mguu. Huyu anatembea kama bwana harusi."

"Wameutengeneza mguu, baba."

Bisi hakuzigusa tena, na mimi sikuulizwa kitu kingine mpaka taa zilipowashwa.

Nje kulikuwa na benchi karibu na mlango wa kutokea. Tukakaa, watu wanapita wanabishana kama ya kwanza ilikuwa bora. Baba alikuwa amekunja mikono.

"Kwa nini umenidanganya?"

Ningeweza kusema sikutaka kumwumiza. Hasira ikatangulia kama kawaida yake.

"Na wewe je? Umenidanganya tangu lini kwamba unaona? Umekaa safu ya mbele, pua imekaribia kugusa kioo, na mlipuko mkubwa kuliko yote unaniuliza kulikoni! Watu wanaondoka kwako na vichwa vimeharibika, baba. Mimi nashindwa kulala kwa ajili ya macho yako, wewe unaniambia mazima!"

Mama mmoja aliyekuwa anapita na watoto akapunguza mwendo, kisha akaongeza. Nikaona aibu. Baba hakuinua sauti.

"Kwanza niambie amekufaje. Usikate kitu."

Nikamwambia yote. Daraja, adui, amri. Kwamba Chuma aliisikia ile amri kwenye redio yake, akageuka kumtazama aliyeitoa, na hakuondoka.

"Yule mtoto mwenyewe ndiye aliyeamuru?"

"Ndiye."

"Akalia?"

"Pale hapana. Baadaye, mbali na wenzake, alipomsikia yule mpya anaongea kwa sauti ya Chuma. Akamwambia anyamaze." Nilipolisema hilo nikagundua kwamba ile ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na niliipita nikiwa nashughulika kudanganya.

Baba akaikunjua mikono yake.

"Jicho la kushoto halioni kitu," akasema. "La kulia linaona kama mtu aliye nyuma ya pazia lako. Umbo naliona. Uso siuoni. Wako pia siuoni, mwanangu, nausikia tu ulivyonuna."

Nikamsogelea kwenye benchi, naye akaendelea.

"Naogopa. Nisipokwenda, hakuna wa kuniambia kwamba basi tena. Nikienda, yupo."

"Ukikaa itakuwa basi tena hata kama hakuna wa kukuambia."

"Najua. Unadhani sijui?" Akapapasa magoti yake, akalipata la kwangu, akalishika. "Jumatatu tuondoke asubuhi. Ila hao madaktari wana sauti za upole, wote, hata wakiwa na habari mbaya. Sauti haitanisaidia. Wewe utamtazama daktari usoni wakati ananipima. Tukitoka nje, utaniambia ulichokiona, kama kilivyo."

Nikamwambia nitamwambia. Nilikuwa nimepata nililolililia mwaka mzima, na bado nilikuwa naomba Jumatatu isifike.