Vistari vya Jastini

Kwaya ya kigango kimoja cha Mbaha, kando ya ziwa, ilikuwa na wimbo ulioangusha watu. Sitii chumvi. Jumapili ya kwanza alianguka bibi mmoja, ya pili wakaanguka watatu. Ya tatu hata mzee Bernadi, ambaye kwa kawaida husinzia kuanzia somo la kwanza hadi matangazo, alisimama akalia kwa kwikwi wala hakujua analilia nini.

Wimbo huo aliuleta Dafrosa, mwimbaji wa sauti ya pili. Aliutoa kwenye daftari la mumewe, Jastini, aliyekuwa mwalimu wa kwaya na besi ambayo mwambao mzima uliionea fahari. Miaka miwili iliyopita mtumbwi uliokuwa ukimrudisha kutoka mazoezini ulipinduka. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakuonekana, si mzima wala maiti, na Dafrosa akabaki mjane asiye na kaburi la kupalilia.

Waimbaji wa huku husoma nota za herufi: do ni herufi yake, re yake, mpaka mwisho. Kistari kikifuata herufi, maana yake vuta, usikate. Jastini aliandika, "Nipokee, Bwana, ninakuja," na baada ya silabi ile ya mwisho akachora vistari kumi na viwili, ukurasa ukaishia hapo. Dafrosa akanakili alivyoona, akawagawia wenzake. Basi kwaya ikawa inavuta "ja" ile mapigo kumi na mawili, pumzi ikiwaishia mmoja mmoja.

Hapo ndipo mambo yalipotokea. Pigo la saba, vinyweleo vilisimama. La tisa, ubaridi uliingia kanisani kwa chini, ukashika vifundo vya miguu, na nje ni saa nne asubuhi, jua kali. La kumi, ilisikika besi. Kwaya ilikuwa na besi wawili tu, Melkior na Xaveri, na kufikia pigo hilo wote wawili walikuwa wamekwisha kunyamaza, wanahema na kutazamana.

Dafrosa aliijua sauti ile. Alilala nayo kitanda kimoja miaka kumi na sita, angekosaje kuijua? Kila alipoisikia kifua kilijaa joto, na siku hiyo alikaanga usipa wake, dagaa wa ziwani, huku akitabasamu peke yake jikoni. Katekista alisema ni Roho Mtakatifu. Wengine walinong'ona kwamba Roho Mtakatifu hanuki maji ya ziwa.

Kisha shule ikapata mwalimu mpya kutoka Mbinga mjini, kijana aitwaye Cleopa, naye kwa kuwa alijua kinanda akakabidhiwa kwaya. Hakuwa na makuu, ila alikuwa na macho. Aliomba kuliona daftari lenyewe, na kesho yake akamfuata Dafrosa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alifunua kurasa. "Mama, hivi si vistari vya kuvuta. Tazama nyimbo zake nyingine. Kila alipokwama alichora hivi hivi, halafu akarudi kujaza maneno juu yake. Hapa hakuwahi kurudi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wimbo haujaisha. Mnavuta mahali pasipo na nota, mnakosa hewa, ndiyo maana watu wanaona kizunguzungu. Niruhusu niumalizie, mambo haya yatakoma."

"Usiuguse."

"Lakini, mama..."

"Umefika juzi tu, mwanangu. Nakuomba, usiuguse."

Wala Dafrosa asidhaniwe mjinga. Kurasa zile nyingine alikuwa ameziona zamani, na moyoni alijua kijana anasema kweli. Lakini wimbo ukiisha, sauti ile ataisikia wapi tena? Alilifungia daftari sandukuni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili iliyofuata wakauimba. Pigo la saba likapita, la tisa, la kumi. Watu wakaishiwa pumzi kama kawaida, wakanyamaza, isipokuwa mtu mmoja. Oliva, binti wa Dafrosa, mwenye miaka kumi na mitatu, mstari wa mbele wa sauti ya kwanza, aliendelea. Mapigo kumi na mawili, kumi na matano, ishirini. Cleopa alikunja ngumi hewani kukata wimbo. Msichana hakukata. Alikuwa ameukazia macho mlango wa upande wa ziwa, na kifua chake hakikupanda wala kushuka.

Besi nayo iliendelea. Siku hiyo haikutoka nyuma ya kwaya. Ilitoka nje, mlangoni, na ilikuwa inakaribia.

Niseme ukweli: kitu cha kwanza alichokihisi Dafrosa kilikuwa furaha. Furaha tele, ya aibu. Aligeuka kutazama mlango. Kisha akamtazama mwanawe na kuona midomo imegeuka rangi, kama ya mtoto aliyekaa majini kupita kiasi. Pindo la sare yake lilikuwa linachuruzika maji sakafuni. Akamtikisa. Akamwita. Mabega yalikuwa baridi, na "ja" ile haikutetereka hata kidogo.

Ninakuja. Hofu ikamshika Dafrosa hapo hapo. Anakuja wapi? Miezi yote hii walikuwa wanaliimba neno hilo bila kumwambia mtu yule pa kwenda, na yeye, mke wake, ndiye aliyekataa aambiwe.

Alimkumbatia Oliva kwa nguvu, akafumba macho, akaimba peke yake kwa sauti iliyokwaruza, akiishusha nota ngazi kwa ngazi mpaka do.

"Kwako," aliimba. "Kwako, Bwana."

Besi ilikatika. Kanisa zima likasubiri. Kisha ikaimba pamoja naye, polepole, "kwako," ikirudi nyuma, ikishuka kuelekea majini, mpaka yakabaki mawimbi tu.

Oliva alivuta pumzi kwa kishindo, akakohoa, akamwangukia mama yake kifuani. Katekista akapaza sauti, "Aleluya!" na akina mama wakapiga vigelegele. Msichana alikuwa anampiga mama yake ngumi mgongoni, ngumi ndogo zisizo na nguvu.

"Mama, kwa nini umempeleka huko? Alikuwa ameshashika mlango. Alikuwa anakuja kwetu!"

"Najua, mwanangu," Dafrosa alisema, na hakumwachia. "Nilimwona."