Mafuta Baada ya Kuoga

Mtoto wa mbwa aliitwa Biskwi, na kwa sababu yake Nday hakuwa amemwona binti yake tangu Pasaka.

Océane alizoea kuja kwa baba yake mtaa wa Molenbeek kila Jumapili, akitoka Uccle alikoishi na mama yake, Claudine. Kisha vipele vyekundu vikamtokea mikononi, na Claudine akapiga simu.

"Bon, Nday, sikia. Mutoto anajikuna usiku muzima. Mpaka ile imbwa ipone, hakuna kuja kwako dimanche."

"Claudine, ni kitu kidogo..."

"Kidogo? Alors lala nayo weye!"

Mathilde, daktari wa mifugo, alikwangua ngozi pembeni mwa sikio la Biskwi, akaitazama kwa hadubini. Ulikuwa utitiri, wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi. Humhamia mtu pia, lakini kwa mtu hawadumu. Mbwa akipona, vipele vya mtoto navyo hukauka. Akatoa dawa ya kuogeshea mara moja kwa wiki, akaagiza matandiko yafuliwe kwa maji ya moto.

Nday alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kufuata maagizo. Alivaa glavu, akamwogesha Biskwi. Lakini dawa ilipoanza kukauka, mahali palipopukutika manyoya pakabaki na weupe kama wa majivu. Kwao Lubumbashi mtoto hatolewi bafuni na ngozi ya namna hiyo. Majirani watauliza kama ana wazazi. Zamani, nyumba ikiwa bado moja, ni yeye aliyempaka Océane mafuta kila jioni, akianzia vidole vya miguu, maana hapo ndipo alipocheka zaidi. Kopo lilikuwa bado rafuni. Akamsuuza Biskwi, akamsugua taratibu mpaka akang'aa.

Kila wiki alifanya hivyo, na kila wiki Biskwi aliendelea kujikuna.

Waliporudi kwa Mathilde, daktari alipitisha kidole mgongoni, akakinusa.

"Huyu anang'aa. Umempaka nini?"

"Mafuta, Daktari. Nikishamaliza kumusuuza."

"Breki za lifti unazipaka grisi?"

"Jamais! Watu watakufa."

"Basi. Dawa hii haisuuzwi. Ikikaukia kwenye ngozi ndipo inapoua. Wewe umeiosha, kisha ukawafunika wadudu blanketi."

Tangu siku hiyo Nday alimwacha Biskwi akauke na majivu yake, naye akakaa kando mikono ikiwa haina kazi. Kopo akaliweka juu ya kabati, asikoweza kulifikia bila kiti. Manyoya yakaanza kuota. Mathilde alipokwangua tena, hakukuta kitu.

"Sawa," alisema Claudine kwenye simu. "Dimanche atakuja."

Alikuja akiwa amerefuka. Biskwi alimrukia mpaka akaanguka chini akicheka, na hapo Nday akayaona magoti yake: makavu, meupe kwa maji ya bwawa la kuogelea la shule. Akavuta kiti, akalishusha kopo, akachovya vidole.

"Leta muguu."

"Papa! Niko mukubwa."

Akalichukua kopo mwenyewe, akajipaka upesi kama mtu anayefuta meza, akalirudisha na kumgeukia mbwa.

Nday akalifunika. Mafuta kidogo yalikuwa yamebaki kwenye vidole vyake. Akajipaka mwenyewe mikononi, polepole, kisha akaenda kupasha chakula.