Upande wa Pili wa Kitanda cha Bibi Margaret

Nyumba ile ya wazee kule Ilford, London, ilikuwa na sheria moja isiyochezewa: mgonjwa mzito hageuzwi na mtu mmoja. Mmoja husimama kulia, mwingine kushoto, wanahesabu pamoja, ndipo wanageuza. Nenita na mwenzake Mardhiya, mwanamke wa Pemba, walikuwa wamezoeana hata hawakuhesabu tena kwa midomo. Walitazamana tu, mzee akageuka.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa elfu mbili na nne akaletwa mfanyakazi mpya, mwanamume wa makamo, Mfilipino kama Nenita, sare imembana kwapani. Nenita alikuwa amebeba beseni la maji machafu. Alipomwona akaliweka chini taratibu.

"Dokta Rodel?"

Yule bwana akatazama sakafu. "Ndiye. Na wewe ni mama yake Jovelyn, wa nyuma ya soko."

Alikuwa daktari pekee wa upasuaji katika mji wao mdogo kule milimani. Ndiye aliyempasua Nenita siku Jovelyn alipokataa kutoka. Sasa amekuja kubadilisha nepi za wazee. Mshahara wa serikali, alieleza, ulikuwa unakaa miezi haujaonekana. Basi na mvi zake akarudi darasani kusomea unesi, maana Ulaya ilitaka manesi kutoka kwao, haikutaka madaktari. Hapa alikuwa msaidizi tu mpaka karatasi zake zikubaliwe. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, yeye na wenzake walivishwa mashada ya maua na ofisa mmoja akawahutubia kwamba wao ni mashujaa wa taifa.

"Shujaa, karibu," Mardhiya alisema. "Brashi ya choo ile pale."

Nenita hakucheka. Tangu siku ile hakukubali Rodel ashike brashi mbele yake. Wote walimwita Rodel, hata Sista Bhanu, msimamizi wao. Nenita peke yake alimwita Dokta, na aliyeguna alimkazia macho.

Jovelyn alikuwa mjamzito. Nenita alimwacha angali na mapengo ya meno ya mbele, akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, kisha akaja London na mabosi wake, na kurudi kukawa leo, kukawa kesho. Alichoweza ni kupeleka boksi. Wafilipino wana boksi lao, kubwa la kumtosha mtoto kujificha, wanalijaza kidogo kidogo mpaka linalia, kisha linapanda meli. Wengine hutia sabuni, chokoleti na viatu. La Nenita safari hii lilijaa glavu, pamba, nyuzi za kushonea vidonda, shuka la plastiki. Hospitali ya kwao, mzazi huja na vyake.

"Umesahau wembe," Mardhiya alimwambia. Walikuwa chumbani kwa Nenita, Rodel amepiga magoti anafunga boksi kwa gundi. "Kwetu mzazi haendi bila wembe wake. Na ndoo."

"Kwenu pia?"

"Shoga, ulidhani serikali ya namna hiyo mmejaliwa nyinyi peke yenu?"

Walicheka mpaka Nenita akajifuta macho. Kisha akauliza, kama mzaha, "Dokta, sasa kule nani anapasua?"

Rodel alivuta gundi, ikapiga kelele. "Wizara iliahidi kuleta mwingine."

"Ameshafika?"

"Waliahidi," Rodel alisema, akakata gundi kwa meno.

Nenita aliliona lile jibu lilivyokuwa, akaamua kutoliona.

Mwezi wa Mei, siku za uchaguzi kule kwao, simu ikalia katika mfuko wa aproni yake, asubuhi, katikati ya kazi. Ilikuwa marufuku kupokea. Akapokea. Alikuwa dada yake, Ligaya, anapiga kutoka hospitali.

"Jovelyn anaumwa uchungu tangu jana. Mkono wa mtoto umetangulia."

Nenita alimkamata Rodel, akamburuta mpaka stoo ya nepi. Mardhiya akafuata, akafunga mlango. Rodel akachukua simu, akaomba mkunga.

"Vifaa mnavyo?"

Vyote vipo, mkunga alisema. Boksi lilifika. Glavu zipo, nyuzi zipo, shuka limeshatandikwa.

"Na daktari?"

"Hajaletwa. Chumba cha upasuaji kimefungwa tangu ulipoondoka."

"Basi mpelekeni hospitali ya mkoa! Gari la wagonjwa liko wapi?"

Gari lile Nenita alilijua kwa picha. Meya alichoresha uso wake ubavuni, meno yote nje. Siku hiyo lilikuwa vijijini linamzungusha kuomba kura.

Rodel alianza kumwelekeza mkunga: asiuvute ule mkono, amlaze ubavu, watafute gari lolote. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya bwana mkubwa wa wodi. Na huku anaongea, mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukachora mstari hewani juu ya maboksi ya nepi. Nenita aliujua mstari ule. Alikuwa nao tumboni, chini ya aproni.

"Mwambie akate," alisema. "Wewe mwelekeze."

"Hajawahi kushika kisu, Nenita. Atamuua."

"Mwelekeze!"

Simu ikakatika. Salio la Ligaya limekwisha, na la Nenita halikutosha hata kubipu. Mardhiya akatoka mbio na sare yake mpaka dukani kwa Wahindi kununua kadi. Aliporudi anahema, walipiga, ikaita tu. Wakapiga tena na tena, mpaka mchana. Mwisho Ligaya akapokea.

"Tulipata gari la samaki," alisema. "Tuliishia darajani."

"Na mtoto?"

"Wote, dada. Wote wawili."

Rodel alikaa juu ya boksi. Mardhiya akamshika Nenita mabega. "Shoga, kosa si la Rodel. Ni la hiyo serikali yenu."

"Niletee basi hiyo serikali," Nenita alisema. "Niletee niikwide shati."

Sista Bhanu akamwambia aende nyumbani. Akauliza, nyumbani wapi? Kengele ya Bibi Margaret ikalia, na kabla hawajamzuia alikuwa ameshakwenda. Rodel akamfuata, maana Bibi Margaret si wa mtu mmoja.

"Mmechelewa," bibi alilalamika. "Ubavu unaniuma, na chai imepoa."

Wakasimama, mmoja kulia, mmoja kushoto. Rodel alikuwa analia waziwazi, makamasi mpaka mdomoni.

"Kama ningekuwepo..."

"Ndiyo," Nenita alisema. "Kama ungekuwepo."

Alijua kwamba mtu huyu alikimbia njaa. Alijua kwamba na yeye alimwacha mwanawe kwa njaa hiyohiyo. Yote aliyajua, na hayakumsaidia kitu. Serikali ilikuwa mbali, inahesabu kura. Huyu alikuwa hapa, upande wa pili wa kitanda, na mikono yake miwili mizima.

"Rodel," alimwita.

Rodel akainua uso kama aliyepigwa kofi.

"Shika upande wako. Hesabu."

"Moja," Rodel alisema. "Mbili."