Bima ya Mtu Mmoja

Wakili wangu aliniambia nisizungumze na Garland. Neno lolote kuhusu kesi lisinitoke, si kazini, si kanisani, si kwenye simu. Nikamwambia, "Mama, mimi na Garland tunakaa gari moja la wagonjwa kutwa nzima. Tufumbe midomo tutazame barabara?" Akasema zungumzeni hali ya hewa. Basi tukazungumza hali ya hewa mpaka ikatutia kichefuchefu.

Ungedhani wangetutenganisha. Wapi! Huku milimani, mashariki ya Kentucky, kituo chetu kina watu wachache mno, na hata baada ya kushtakiwa hakukuwa na mwingine wa kupanda naye. Kila asubuhi Garland Fugate alikaa upande wake, mimi wangu, na maneno yote tuliyotaka kuambiana yamekaa katikati yetu.

Kesi ilinikuta nina bima yangu mwenyewe, ile ya kukulinda ukishtakiwa kwa kosa la kazi. Garland hakuwa nayo. Nilikuwa nimemsihi sana akate.

"Kampuni ina bima," aliniambia siku moja, mdomo umejaa mkate na soseji. "Wewe woga utakuua, Nadine."

"Bima ya kampuni inailinda kampuni."

"Na sisi ni nani? Si ndio kampuni wenyewe? Bila sisi Tackett ataendesha nini, baiskeli?"

Tackett ndiye mkuu wa kituo. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Tangu mume wangu afariki hakukuwa na mtu mwingine wa kunichekesha namna ile. Nasema wazi, nilimpenda Garland kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee Elzie Napier, wa ndani kabisa kwenye bonde la Stillhouse. Mkewe, Opal, ndiye aliyemtuma jirani ashuke kutupigia simu. Kwetu tunapokezana: safari hii mmoja anaendesha na mwenzake anamshughulikia mgonjwa, safari inayofuata mnabadilishana. Siku ile mgonjwa alikuwa zamu ya Garland, mimi usukani.

Tulimkuta Elzie jikoni, jasho linamtiririka, chai ya asubuhi hajaigusa.

"Kiungulia tu," alisema. "Opal anapenda kuita watu."

Garland alimfunga waya za kupimia moyo, akatazama, akanitazama mimi. "Mzee Elzie, huu moyo haujakaa sawa. Twende hospitali. Ukitaka kunichukia, utanichukia huko huko."

"Dada yangu alikwenda huko kwa miguu yake, akarudi kwenye jeneza. Sitoki hapa."

"Elzie, nakuomba," Opal alisema. "Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nimeacha tumbaku, mwanamke. Inatosha."

Tulimbembeleza, tukamtisha, tukambembeleza tena. Mtu mzima mwenye akili zake huwezi kumbeba kwa nguvu. Akatia sahihi kwamba amekataa.

Sasa sikiliza hapa, maana kesi yote imesimama hapa. Kanuni inasema mgonjwa akikataa, usiondoke kabla hujaongea na daktari kwenye redio. Lakini Stillhouse redio inakoroma tu, na simu haishiki kabisa. Kwa hiyo sisi sote, kila mtu wa kituo kile, hushuka mpaka kwenye kanisa la njia panda, tukampigia daktari pale simu inaposhika, na akisema rudini, tunarudi. Tackett mwenyewe ndiye aliyenifundisha nilipoanza kazi. Alisimama nami kwenye uwanja wa kanisa, akaninyooshea kidole mahali hasa pa kuegesha. Siku ile hakuna aliyemwambia mwenzake tushuke. Gari lilijiendea lenyewe kama punda anayejua kwao.

Daktari akatukaripia: rudini mkamtoe, hata kwa kumpigia magoti. Tukageuza. Elzie alikuwa ameanguka chini jikoni, Opal amepiga magoti kando yake, anamkandamiza kifua kwa namna aliyoiona kwenye televisheni. Tulifanya yote tuyajuayo. Hakuamka.

Opal akashtaki, na simlaumu. Tackett akabandika tangazo jipya ukutani kwa herufi kubwa, kwamba ni marufuku kumwacha mgonjwa kabla ya kuongea na daktari. Eti! Mzee mzima, uso mkavu, kama mtu ambaye hajawahi kuliona lile kanisa. Wakili wa kampuni akamchukua Garland chini ya bawa lake. Mimi bima yangu ikanipa wakili wangu, mwanamke wa mjini Lexington, mpole, viatu safi.

"Una bahati," aliniambia. "Ulikuwa dereva. Mgonjwa alikuwa wa mwenzako. Utaulizwa, utasema hivyo hivyo, na ni kweli. Umetoka."

"Na Garland?"

"Bwana Fugate si mteja wangu."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo. Nikapika maharage, nikakaa nayo mbele yangu, nikayarudisha sufuriani. Sijui kama umewahi kukatazwa kuongea. Si sawa na kukosa wa kuongea naye. Ukikosa mtu unaweza kutoka ukamtafute. Mimi watu walikuwapo. Dada zangu wa kanisani walinibana wee, "Nadine, kulikoni Stillhouse?" nikawa ninawapa tabasamu la kijinga, mpaka wakaacha kuuliza, halafu wakaacha kuja.

Siku moja nikakutana na Opal dukani, kwenye unga. Amekonda. Alinitazama akingoja. Nilitaka kumwambia pole mama, pole sana, kila siku namwona mzee wako. Neno pole tu. Lakini wakili alisema pole ni kukiri kosa, ukitamka limeandikwa. Nikageuza kigari changu nikaondoka bila hata chumvi niliyoifuata. Sijawahi kujidharau vile.

Kwenye gari Garland alisema, "Mvua itanyesha."

"Naona," nikasema.

Ndipo nikakata shauri. Sitamwacha. Nikisema nilikuwa dereva tu, kosa lote linabaki kichwani kwake, na kampuni itamtupa, ndio maana ya lile tangazo. Nikisema ukweli wote, kwamba tulikuwa wawili, kwamba kituo kizima hufanya hivyo na Tackett anajua, basi tutaubeba pamoja. Nilitamani kumwambia. Mara mbili tatu nilifungua kinywa pale kwenye usukani, nikakifunga. Nilijiambia atalisikia siku yenyewe, na atafurahi.

Siku ya kuhojiwa chini ya kiapo, mbele ya mawakili kabla kesi haijafika mahakamani, nilitangulia mimi asubuhi. Wakili wa Opal akaniuliza, "Siku ile mgonjwa alikuwa wa nani?"

Wakili wangu alikwishaanza kufunga mkoba wake.

"Alikuwa wetu," nikasema. "Wote wawili. Na mimi ndiye mkubwa kwa cheo." Nikasimulia habari ya kanisa, na ya Tackett. Wakili wangu akanivuta mkono wa shati, sikumjali. Nilitoka mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Elzie afe. Nikasubiri kwenye maegesho mpaka Garland naye alipomaliza, nimkumbatie japo bila maneno. Alipita akaingia kwenye gari la wakili wa kampuni, hakugeuza shingo. Nikasema moyoni, maskini, anatii amri.

Kesho yake wakili wangu alinipigia. Akanisomea majibu ya Garland taratibu, kama anayemsomea mtoto. Garland alikuwa amesema yeye alitaka kubaki na mgonjwa. Nadine ndiye mkubwa, Nadine ndiye aliyesema tushuke, yeye alifuata. Kuhusu desturi ya kanisa hakuwahi kusikia. Tackett naye akasema hivyo hivyo.

"Na wewe mwenyewe umesema ni mkubwa kwa cheo," wakili akamaliza. "Nilikuwa nimeshakutoa, Nadine."

Mawakili wakamalizana nje ya mahakama. Bima yangu ikamlipa Opal sehemu kubwa, kampuni ikatoa kidogo. Halafu bodi ya leseni ikachukua yale majibu na kuninyang'anya leseni yangu ya kuhudumia wagonjwa. Garland alipewa onyo, akabaki kazini.

Alikuja kwangu Jumamosi moja mchana, amevaa sare. Alisimama chini ya ngazi za kibaraza, hakupanda.

"Nadine, naapa sikujua watachukua leseni."

"Ulidhani watachukua nini?"

"Pesa. Pesa za bima. Wakili wa kampuni aliniambia, mwenzako ana wa kumlipia, hataumia hata ukucha. Mimi nina wasichana wawili na nyumba ya mkopo, na sina bima. Kampuni ingenitupa. Nikaona likiangukia kwako litaangukia karatasi ya bima." Alikuwa analia, kofia mkononi. "Wewe ndiye uliyekuwa umejikinga, Nadine."

"Ungeniuliza. Ningekwambia bima hairudishi leseni."

"Tulikatazwa kuongea."

"Tumekaa bega kwa bega miezi yote ile, Garland. Nani angetusikia?"

"Na wewe?" akasema. "Wewe ulijua utakwenda kusema ni wetu sote. Ungeniambia siku moja tu, neno moja tu, ningesema hivyo hivyo. Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa nimetii tu, kama yeye. Akavaa kofia yake, akarudi kwenye gari. Nilitaka kumwita apande tule, chakula kilikuwa jikoni, kingi. Sikumwita. Nikasimama pale mpaka gari likapotea kwenye kona, kisha nikaingia ndani nikala peke yangu.