Bei ya Neno Hakuna

Jumapili hiyo kanisa la Asenkuro lilitoa sadaka kama kawaida, kila mtu kwa siku ya juma aliyozaliwa, na walipoitwa wa Jumanne, Abena Nyarkoa akajikuta tena nyuma ya mgongo wa Kwabena Obiri. Kwabena alicheza kuelekea kwenye beseni huku akipepea noti ya cedi mia mbili. Abena alikuwa na sarafu ya cedi mbili, ameifumbata isionekane. Walizaliwa siku moja ya juma, walisoma darasa moja, wakapata shahada moja ya ikolojia, na mtihani wa mwisho Kwabena aliufaulu kwa daftari la Abena. Kijiba cha roho kilimkaa Abena tangu wimbo wa sadaka hadi baraka.

Shahada hiyo mama yake aliilipia kwa kuuza shamba la kakao. Mwaka wa nne sasa Abena alikuwa njia panda chini ya mwavuli, anauza vocha na kuwatumia watu pesa. Mama akipiga simu, habari aliyoitaka ilikuwa ya Kwabena.

"Nasikia kanunua pikapu."

"Hata mimi nimesikia, Mama."

"Si mlisoma kitu kimoja nyie?"

Walisoma kitu kimoja. Kampuni ya dhahabu ilimtuma Kwabena kilima cha Atwerebo aandike viumbe vyote vinavyoishi pale, kabla ya mashine kupanda. Kwabena aliandika neno moja: hakuna. Kwa neno hilo walimlipa cedi elfu kumi na mbili za awali.

Siku ya pili baada ya ripoti kupigwa mhuri, wanyama wa Atwerebo walianza kufika kwa Abena. Wa kwanza alikuwa kakakuona. Alifika saa moja asubuhi, akafuta miguu mlangoni, akasubiri. Abena alikuwa anapiga mswaki. Alimwelewa mara moja, maana mnyama aliyeandikwa kwamba hayupo hapati usingizi mpaka aandikwe tena. Akafungua daftari, akaandika jina, urefu na hali ya magamba. Kakakuona akaingia chini ya kitanda, akalala. Mchana wakaja hondohondo wawili na foleni ya vyura, na jioni funo mwenye mimba.

Mwenye nyumba, Maame Dufie, alikuja kuchungulia.

"Mwanangu, chumba nilikupangisha peke yako."

"Ni wageni tu, Maame."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa magamba atashika jembe huyu? Basi hela ya maji utaongeza."

Wiki ya pili ilipokwisha, daftari lilikuwa na majina mia moja arobaini na mawili. Abena alilala ameketi, mbega wakiwa juu ya friji. Hilo halikumsumbua. Kilichomuuma ni kwamba kwa majina yote hayo hakupata hata peni, na mwenzake kwa neno moja anaendesha gari.

Akachukua daftari akaenda ofisi ya wilaya. Tusimpambe: hakwenda kukitetea kilima. Alitaka aione ile pikapu ikivutwa kwa kamba, Kwabena amenyang'anywa.

Afisa, Bwana Asamani, alikuwa anakula kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki. Alinawa, akasoma ukurasa kwa ukurasa, na alionekana kufurahia.

"Kazi nzuri hii, dada. Na mwandiko umenyooka. Sasa hawa wote wako wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Wote?"

"Wote. Vyura wako kwenye ndoo."

"Basi kilimani hawapo." Akavuta stepla, akalibana daftari nyuma ya ripoti. "Bwana Obiri hakukosea. Alikuwa hana ushahidi tu, na sasa anao."

Mashine zilipanda Atwerebo Alhamisi. Jioni yake Kwabena alipiga honi nje kwa Abena, akaingia na waakye, wali wa maharage, ya moto kwenye majani. Aliwaruka konokono kwa adabu, akampa pole funo, ambaye alikuwa amezaa mchana ule.

"Abena, mtu wangu! Umeniokoa. Walikuwa wamenishikia malipo ya pili."

"Sikukusudia kukuokoa."

"Najua bwana. Kijicho chako nakifahamu tangu chuo." Akacheka. "Sikia. Kuna vilima vinne vingine. Wewe wanyama wanakuamini. Tangulia, waandike, waje zao huku. Mimi napita nyuma na neno langu. Mshahara kila mwezi."

Abena alitazama chumba. Mtoto wa funo alikuwa chini ya meza, hajaandikwa bado, macho makavu, hapati usingizi. Tangu avae joho, hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuiuliza bei shahada yake. Alifurahi mno, na aibu aliyoitegemea haikuja.

"Nitapata ngapi?" angeuliza mwingine. Yeye aliuliza, "Wewe kila kilima wanakupa ngapi?"

"Ya kwangu ya nini? Yako ni elfu tatu."

"Kwabena. Ngapi?"

Kwabena akatazama ndoo ya vyura. "Ishirini."

Abena akatoka akagonga kwa Maame Dufie, kuuliza kama kile chumba cha uani kiko wazi kwa wageni wengine watakaokuja. Kilikuwa wazi. Akakichukua kwa miezi sita, na alipokuwa anapeana mkono na mwenye nyumba roho ilikuwa inamuuma kwa ajili ya ile elfu ishirini, wala si kwa jambo jingine.